Usimwambie Mtu Asubiri Kabla Hujamuuliza Anakula Nini

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa wahitimu wa vyuo vya afya, wengi wao wanajitolea hospitalini wakisubiri ajira. Waliokuwa zamu wameniomba niiweke hotuba yote, basi hii hapa, nimeiacha kama nilivyoiongea.)

Mgeni rasmi, viongozi wetu mlioko hapo mbele, walimu wangu walionifundisha kushika darubini, shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Wadogo zangu, habari za asubuhi? Hizo sauti nazijua, hizo ni sauti za watu waliotoka zamu ya usiku wakaunganisha moja kwa moja mpaka hapa bila kulala. Asanteni sana kwa kuja.

Nimepewa mada, iko kwenye ratiba yenu, inasema subira na kutambuliwa kazini. Nilipoipokea nilikaa nayo muda mrefu manake najua hiyo mada mnavyoisikia. Mnaisikia kila siku. Umemaliza chuo, unaambiwa subiri. Umetuma maombi kwenye mfumo wa ajira, unaambiwa subiri. Umeitwa kwenye usaili, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa nje chini ya miti na nafasi ni za kuhesabu, unarudi nyumbani unaambiwa subiri awamu ijayo. Ukaenda kujitolea, miezi imepita, saa hizi wewe ndo unawaelekeza wanafunzi wa field, wewe ndo unajua mashine ya FBP, ile ya kupima picha nzima ya damu, ikigoma inabembelezwaje, ukiuliza habari ya mkataba unaambiwa dada, subira huvuta heri.

Si ndivyo jamani?

Sasa mimi methali hiyo naiheshimu, nimelelewa nayo. Ila kuna swali watu wanaliruka kila wakiisema. Huyu tunayemwambia asubiri, anakula nini? Amelala wapi jana? Nauli ya daladala ya kuja kujitolea kaitoa kwa nani? Nimefanya kazi maabara miaka mingi na nimewaona vijana wenye mikono mizuri kuliko mimi, wenye macho ya kusoma BS ya malaria, ile damu kwenye kioo, kuliko mimi, wakaondoka kwenye hii fani. Hawakukosa subira. Walikosa nauli. Na baadaye tukawasema, eti vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Hilo neno linaniuma na leo nimekuja kulisema mbele ya watu.

Nitawapeni habari za watu, halafu tutaongea.

Wa kwanza ni mama mmoja anaitwa Katalin Karikó. Mkono juu anayemjua? Wachache. Haya, mkono juu aliyechanja chanjo ya Korona ya Pfizer au Moderna, au aliyewachanja wenzake? Mnaona sasa. Mnaijua kazi yake, mwenyewe hamumjui.

Huyu mama kazaliwa Hungary mwaka 1955, baba yake alikuwa muuza nyama buchani, nyumba waliyokulia haikuwa na maji ya bomba. Kasoma, kapata udaktari wa falsafa, kaanza utafiti kwenye kituo kimoja mjini Szeged. Mwaka 1985 fedha za utafiti zikakatika na kazi ikaisha. Ana mume, ana mtoto wa kike wa miaka 2. Wakauza gari, na kwa vile serikali ya kule enzi hizo haikuruhusu watu kutoka na hela nyingi, zile pauni 900 hivi walizopata wakazishonea ndani ya mdoli wa mtoto. Mdoli wa dubu. Mtoto kaubeba mdoli wake, wakapanda ndege kwenda Marekani, mji wa Philadelphia.

Mpaka hapo ni hadithi ya mhamiaji kama zingine. Kilichofuata ndo kinatuhusu sisi watu wa maabara.

Mama huyu alikuwa na jambo moja kichwani, mRNA. Mnaikumbuka kutoka darasani, ule ujumbe unaochukua maelekezo kutoka kwenye DNA na kuyapeleka kule protini zinakotengenezwa. Yeye akawa anasema, tukiweza kuutengeneza huo ujumbe wenyewe tukauingiza mwilini, mwili utajitengenezea dawa yake. Wenzake wakawa wanamwambia hiyo haiwezekani, kwanza mRNA inaharibika haraka, pili ukiiingiza mwilini kinga inaishambulia, panya wa majaribio anavimba, anaumwa. Akaomba fedha za utafiti, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa. Pale University of Pennsylvania alikoanza mwaka 1989 kulikuwa na utaratibu kwamba usipoleta fedha za utafiti hupandi, na mwaka 1995 akaambiwa achague, aondoke au ashushwe cheo. Ashushwe cheo! Wakati huohuo madaktari wanamchunguza, wanahofia kansa, na mume wake amekwama Hungary kwa mambo ya viza.

Ndugu zangu, akachagua kushushwa. Akabaki na meza yake na kazi yake.

Sasa hapa wasimulizi wengi wanasema mmeona, alivumilia, na nyinyi vumilieni. Mimi nasema tusikimbie, tuangalie hapo katikati. Huyu mama aliwezaje kubaki? Alibaki kwa sababu alikuwa na mshahara, mdogo, lakini mshahara. Alikuwa na mume, Béla, alikuwa msimamizi wa majengo ya kupangisha, mtu wa kutengeneza mabomba na vitu kama hivyo, ndo alikuwa akimpeleka mke wake maabara mpaka wikiendi na kumfuata. Alikuwa na wenzake wawili watatu ndani ya chuo waliomtafutia kiti kila alipokosa kiti. Ile subira ilikuwa na watu wanaoilipia. Narudia, ilikuwa na watu wanaoilipia.

Na kuna fotokopi. Hii ninaipenda. Miaka ya mwisho ya tisini majarida ya kisayansi bado watu walikuwa wanatoa kopi, na kila akienda kwenye mashine anagombania foleni na mwanamume mmoja mgeni pale chuoni, Drew Weissman, mtu wa kinga ya mwili. Wakaanza kuongea palepale kwenye fotokopi. Huyu ana mRNA, yule anajua kinga. Wakafanya kazi pamoja miaka, na mwaka 2005 wakatoa matokeo kwamba ukibadilisha herufi moja ya ule ujumbe, ile uridini ukaiweka katika umbo lingine linaloitwa sudouridini, kinga haishtuki tena. Yaani lile tatizo lililowashinda watu wote wamelipatia jibu. Mnafikiri simu zililia? Hazikulia. Jarida kubwa la kwanza waliloliendea lilikuwa limeshawakatalia, likaja kutoka kwenye jarida lingine, na dunia ikaendelea na mambo yake.

Mwaka 2013 akiwa na miaka 58 akaona hapa tena basi, akaenda Ujerumani kwenye kampuni ndogo ya BioNTech, kampuni ambayo hata tovuti ilikuwa haina. Yaliyobaki mnayajua. Korona ikaja, chanjo ya huo ujumbe wa mRNA ikapatikana ndani ya mwaka, na tarehe 2 Oktoba 2023 yeye na Weissman wakatangaziwa Nobel ya tiba.

Mwenyewe amesimulia kwamba mama yake mzazi alikuwa akisikiliza redio kila mwezi wa kumi, wakati wa kutangaza washindi, akimwambia mwanae huenda wakakutaja wewe. Na binti anamjibu mama, mimi hata fedha za utafiti sipati, hata profesa sijawa, wanitaje vipi? Mama alifariki 2018. Hakuisikia ile siku.

Na mtoto mwenye mdoli? Susan Francia, alishinda dhahabu ya Olimpiki kwenye kupiga makasia mara mbili, 2008 na 2012, akiwa na timu ya Marekani. Kwa miaka mingi Karikó alikuwa anajulikana kwa watu kama mama yake Susan.

Haya. Nimewapa habari ya mbali, nije ya karibu.

Mwaka jana mwezi wa tisa, tarehe 15, saa saba na nusu za usiku kwa saa zetu, nani alikuwa macho anaangalia marathoni ya Tokyo? Ile ya mashindano ya dunia ya riadha. Najua wengi mlikuwa wodini. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, askari wa JWTZ, alikuwa barabarani kule joto na unyevunyevu unawaangusha watu.

Naomba niwasomee safari yake, mnisikilize vizuri namba. Rio 2016, Olimpiki, wa 5. London 2017, mashindano ya dunia, wa 3, shaba. Olimpiki ya Tokyo, ile iliyokimbiwa 2021 kule Sapporo, wa 7. Paris 2024, wa 17. Wa kumi na saba! Boston, Aprili 2025, wa 2. Halafu Tokyo, Septemba 2025.

Mmesikia kitu? Hakuna ngazi hapo. Sisi tumezoeshwa kuambiwa maisha ya kazi ni ngazi, unapanda daraja moja moja, ukishuka ina maana umeisha. Angalia huyo bwana, yuko juu, anapanda kidogo, anashuka, anashuka kabisa, miaka saba baada ya ile shaba ni wa kumi na saba, na mitandaoni watu wanasema huyu ameshazeeka waleteni vijana. Kama ungemhukumu kwa Paris ungemfuta. Mwaka mmoja na mwezi baadaye yuko mita za mwisho uwanjani Tokyo, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, anafungua mbio za kumaliza, Simbu anamfuata, anamfuata, wanafika kwenye mstari pamoja, Mjerumani anajirusha anaanguka, na hakuna anayejua nani kashinda. Simbu mwenyewe alisema hakujua. Mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini. Wote wawili wamepewa saa 2:09:48, tofauti yao ni sehemu tatu za mia za sekunde moja. Kwenye kilomita 42! Ukipepesa jicho imeshapita.

Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Ya kwanza. Tumesubiri tangu kina Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walivyotuletea medali za fedha za Olimpiki kule Moscow 1980.

Sasa nirudi kwenye swali langu la asubuhi. Kati ya Paris na Tokyo, huyu mtu alikula nini? Ni mwajiriwa wa jeshi, ana kazi, ana mshahara, kuna mtu aliendelea kumwita kwenye timu hata baada ya ile 17. Ninamshangilia Simbu kwa miguu yake, na ninawashangilia pia waliosaini karatasi za yeye kuendelea kukimbia. Kwa sababu ninavyowaza mimi, mikoa yetu hii ya Singida, Manyara, Arusha imejaa miguu kama ile, na wengi wenye hiyo miguu sasa hivi wanaendesha bodaboda. Hawakukosa subira wale.

Mnanielewa ninakokwenda?

Basi tuongee habari zetu wenyewe. Sitataja hospitali, haina haja, waliokuwepo wanajua na wengine wameshastaafu.

Mimi nilianza kwa kujitolea kama nyinyi. Baadaye nikapata ajira, halafu nikakaa daraja lilelile muda mrefu sana, wenzangu niliowafundisha kutumia mashine wakapelekwa kusoma, wakarudi wakawa wakuu wangu. Barua yangu ya kupanda ilikuwa inasemekana iko mezani. Kila mwaka iko mezani. Sikuwa na amani, nisiwadanganye, kuna siku nilikuwa nafunga mlango wa stoo ya vitendanishi, zile kemikali za kupimia, nalia humo ndani halafu natoka natoa damu ya mgonjwa natabasamu.

Kilichonibeba ni vitu viwili. Cha kwanza, wifi yangu alikuwa anauza vitenge na akaniingiza kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa hiyo ada za watoto hazikutegemea ile barua. Nawaambia hili wazi kwa sababu watu wakisimama hapa mbele huwa wanasema walimtumaini Mungu tu. Mungu nilimtumaini, na Mungu akaniletea wifi mwenye vitenge.

Cha pili ni daftari. Nisikilizeni hapa, hii ndo naomba mwondoke nayo hata mkisahau mengine yote. Friji ya vitendanishi inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Inasomwa asubuhi, inasomwa jioni, inaandikwa, unasaini. Kila mmoja hapa anajua inavyofanyika ukweli wa mambo, fomu inajazwa ya wiki nzima siku ya Ijumaa kwa peni moja, namba nne, nne, tano, nne. Si uongo. Mimi nikawa na daftari kubwa la kurasa ngumu pembeni ya fomu. Asubuhi naandika, jioni naandika. Umeme ukikatika naandika saa ngapi umekatika, saa ngapi jenereta imewashwa, friji ilifika nyuzi ngapi, kitendanishi kipi nilikitoa nikakihamishia wapi. Kontroli ya mashine, ile sampuli ya kuangalia kama inasoma sawa, ikitoka nje ya kiwango naandika nilifanya nini, nani nilimpigia, alisema nini. Kuna kurasa zina doa la Giemsa, ile rangi ya vioo vya malaria, mpaka leo. Nilikuwa naambiwa wewe mama unaandika barua kwa nani? Na mimi nilikuwa sijui naandika kwa nani. Nilikuwa siwezi tu kutoa jibu la mgonjwa huku sijui friji ililalaje.

Wakaja wakaguzi wa ithibati, wale wa ISO 15189, kiwango cha ubora wa maabara za tiba, mnawajua hawana utani. Wakaomba kumbukumbu. Zikaletwa zile fomu safi. Yule mkaguzi akaziangalia, akauliza, mwezi wa nne umeme haukukatika hapa hata siku moja? Kimya. Mtu mmoja, na huyu ni kijana aliyekuwa anajitolea, hakuwa na mkataba wowote wala kitu cha kulindwa nacho, akasema kuna daftari la mama liko pale chini ya meza. Wakalifungua. Wakakaa nalo mchana mzima. Wakauliza huyu aliyeandika yuko idara gani, wakaambiwa yuko chumba cha kutolea damu.

Barua yangu ilitoka mezani, na sasa hivi kazi yangu ni kuzunguka maabara za watu wengine kuwafundisha ubora. Nimefika vituo ambavyo sikuwahi kuota kuvifika.

Sasa nawauliza. Nani alinitambua? Mkaguzi? Mkaguzi alisoma tu. Aliyenitambua ni yule kijana wa kujitolea aliyesema. Kama angenyamaza, lile daftari lingeendelea kukaa chini ya meza na mimi ningestaafu nalo. Na ninafurahi kuwaambia kwamba huyo kijana naye ameajiriwa, na yumo humu ukumbini, na sitamtaja kwa sababu amenikataza, lakini yeye anajua ninamwangalia.

Kwa hiyo wadogo zangu, ushahidi. Andikeni kazi yenu. Kila mafunzo uliyoshiriki, cheti kiko wapi? Barua ya utambulisho ya kujitolea, imesainiwa, ina mhuri, ina tarehe ya kuanza? Wengi wenu mnajitolea kwa mdomo, mganga mfawidhi akihama hakuna karatasi inayoonyesha uliwahi kukanyaga pale. Usikubali. Omba barua kwa heshima, omba tena, kaa pale mlangoni mpaka katibu achoke. Subira bila karatasi mwajiri mwingine ataionaje?

Jambo lingine, kuondoka. Kuna watu wanadhani mwenye subira haondoki. Karikó aliondoka, alihama nchi mara mbili, jambo ambalo hakuhama ni ile mRNA yake. Majirani zetu wana Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa mtoto wa miaka 18, mwaka 2012 akakosa hata nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Angeweza kubaki kwenye uwanja anasubiri miguu irudi. Akahamia barabarani, 2013 akashinda marathoni ya kwanza aliyokimbia kule Hamburg, na mengine yote mnayajua, dhahabu za Rio na Tokyo na rekodi za dunia Berlin. Kwa hiyo dada, kama kituo hicho umejitolea mpaka umeota mizizi na hakuna dalili, hata posho ya chai hakuna, kwenda kituo kingine, kwenda maabara binafsi, kwenda hata kuuza vifaa vya maabara, wewe hujakata tamaa. Shika fani yako, majengo hayo yako mengi.

Na kuna habari ya mzee wetu Abdulrazak Gurnah, nitaipitia haraka manake muda unanikimbiza. Mtoto wa Zanzibar, kazaliwa 1948, akaondoka kijana mdogo baada ya yale mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza, na kati ya kazi alizofanya kule mwanzoni ni uhudumu wa hospitali. Mwenzetu kabisa. Riwaya yake ya kwanza ilichapwa 1987, alikuwa anakaribia arobaini. Akafundisha chuo kikuu cha Kent mpaka akastaafu, anaandika, anafundisha, anaandika. Oktoba 2021 akiwa na miaka 72 yuko jikoni anatengeneza chai, simu inalia, anaambiwa umeshinda Nobel ya fasihi, akadhani ni matapeli wa simu. Nasi huku nyumbani siku ile ndo tukaanza kuulizana huyu ni nani. Mtu ameandika riwaya kumi kuhusu sisi, kuhusu pwani yetu, tukamjua kwa taarifa ya Sweden! Mimi iliniuma ile. Nilifurahi na iliniuma.

Ndo maana maneno yangu ya mwisho nayapeleka kwa hao waliokaa mbele.

Mgeni rasmi, waganga wafawidhi, wakuu wa maabara, mameneja, nawaheshimu sana na mimi sasa ni mmoja wenu. Tusimwambie kijana asubiri kama hatujui anakula nini. Fedha za mikataba najua hazitoki mifukoni mwetu, vibali najua vinatoka juu. Lakini kuna vitu haviombi kibali. Barua ya kujitolea haiombi kibali. Nauli kutoka kwenye makusanyo ya ndani, kikao cha menejimenti kinaweza kukaa kikapitisha, nimeona vituo vimefanya. Chakula cha zamu ya usiku kisibague mwenye mkataba na asiye na mkataba, njaa ya saa tisa usiku haijui cheki namba. Na jina. Ripoti ikienda mkoani, kama kazi kaifanya fulani, andika fulani. Usiandike "timu ya maabara" huku timu yenyewe ni binti mmoja amekaa na darubini usiku kucha.

Mama yake Karikó alikaa na redio kila mwaka akisubiri jina la mwanae litajwe. Hakukuwa na mtu pale chuoni kwa binti yake ambaye angeweza kumpigia yule mama akamwambia mwanao anafanya kazi kubwa? Ingegharimu nini? Wazazi wa hawa vijana wako hai, wako vijijini, wanaulizwa na majirani kila siku mwanao amepata kazi? Mkuu wa kituo ukipiga simu ukasema mzee, mwanao hajaajiriwa bado lakini ni fundi, yule mzee atalala vizuri na kijana atapata nguvu za kurudi Jumatatu.

Nimemaliza upande wangu. Kuna karatasi inapita, waandike majina wale ambao hawana barua ya kujitolea na wanajitolea sasa hivi, weka kituo, weka tarehe uliyoanza, weka namba ya simu ya mkuu wako. Mgeni rasmi amenikubalia pale kwenye chai kwamba ataondoka na hiyo karatasi leo na vituo vitapigiwa wiki ijayo, na nimelisema mbele yenu wote ili liwe limesikika.

Maswali sasa. Yule dada mwenye sare ya bluu kule nyuma, mkono wako umekuwa juu tangu nimemtaja Kipchoge, simama tukusikie.